Pingamizi la Gunvor

Dada yangu Gunvor alijua kwamba anaolewa pale alipopewa hongera.

Yalikuwa majira ya joto, naye alikuwa juu mlimani na mbuzi na ng'ombe wetu, kama wasichana wote wa ghuba yetu ya Norwe theluji ikishayeyuka. Mimi nilikuwa nimepanda kumpelekea unga na chumvi. Tulikuwa tunageuza jibini kwenye rafu alipotokea Ragna, mke wa jirani, na kikapu chake cha matunda ya porini. Hata hajapumua vizuri, akaanza:

"Hongera, bibi harusi! Kumbe u msiri hivyo?"

"Bibi harusi gani?" Gunvor akauliza.

"Ee, jifanye hujui! Jumapili mchungaji katangaza kanisani. Gunvor binti Halstein na Sjur wa Ng'ambo. Hiyo ya kwanza, bado mara mbili."

Gunvor akanitazama. Jumapili ile mimi nilikuwa kitandani na homa, na nyumbani hakuna aliyenidokezea neno. Akaiweka jibini chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Sjur hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane aliyepita miaka hamsini, ana watoto wanne, na shamba lake linapakana na letu pale mtoni. Ubaya ulikuwa hapo pa kupakana. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, na kila akisimama uani aliyaona mashamba mawili kama shamba moja lililokatwa kwa makosa. Wakati wa baridi alimweleza Gunvor habari ya kuolewa na Sjur, Gunvor akasema hataki. Baba akanyamaza, nasi tukadhani yamekwisha.

Tena dada alikuwa na mpango wake. Mwalimu wa kike anayezunguka mashambani kufundisha kazi ya maziwa alionja jibini yake, akafumba macho, akamwambia, "Binti, mavuno yakiisha njoo mjini kwenye shule yetu. Nafasi yako ipo." Gunvor alipomweleza Baba, Baba alicheka hadi akakohoa.

"Mama alijua?" Gunvor akaniuliza baada ya Ragna kuondoka.

"Sijui, dada."

Tulishuka Jumamosi, mifugo tukamwachia Ragna. Baba alikuwa mezani, Mama anakoroga uji wa malai ya maziwa jikoni.

"Baba, nilisema sitaki," Gunvor akasema akiwa bado mlangoni.

"Ulisema, nami nilisikia. Kusikia si kukubali."

"Basi mwambie mchungaji aache kutangaza."

"Mwanangu, mtoto naye husema hataki uji. Ukimwekea mezani, anakula." Akavuta bakuli lake. "Sjur nimeshampa neno langu. Nimemwambia umekubali."

Mama hakugeuka. Mwiko wake tu ndio uliosimama kidogo, kisha ukaendelea.

Kanisani kwetu wanawake hukaa upande wa kushoto, wanaume upande wa kulia. Nilikaa kati ya Mama na Gunvor. Mchungaji alihubiri, tukaimba, kisha akafungua kitabu cha matangazo na kusoma majina yale mawili kwa mara ya pili. Akamalizia kama kawaida: mwenye pingamizi na aseme. Maneno yale yalikuwa yakisomwa tangu nizaliwe, na sikuwa nimewahi kuona mtu hata akikohoa.

Gunvor akasimama.

"Mimi nina pingamizi."

Mchungaji akainua miwani. "Nani huyo?"

"Bibi harusi."

Kanisa zima likageuka, benchi zikalia. Baba akasimama upande wa pili, amewiva uso mpaka shingoni. "Endelea, mchungaji! Huyu jua la mlimani limemwingia kichwani."

"Sikupigwa na jua, Baba. Safari hii sikuulizwa. Na nilipoulizwa wakati wa baridi nilikataa."

Mchungaji alikuwa mtu mpole asiyependa ugomvi. Aliangalia kitabu, akamwangalia Baba, mwisho akatupia macho benchi letu. "Bi Brita," akasema, kama anayeomba msaada, "wewe mama yake unasemaje?"

Mama alikuwa mtu ambaye hata kuku aliwafukuza kwa mkono, si kwa sauti. Nilidhani atainamisha kichwa. Akasimama, akashika benchi ya mbele kwa mikono miwili.

"Mimi nilitangazwa kanisani humu humu," akasema. "Sikutaka, nami nikakaa kimya. Huyu amesema. Msikieni."

Sijui Baba alisikia nini katika maneno yale, lakini aliketi kama mtu aliyekatwa miguu.

Ndipo Sjur akainuka, kofia mkononi. "Mchungaji, funga kitabu hicho. Mimi niliambiwa binti karidhia. Natafuta mke, sitafuti kesi." Akamgeukia Gunvor. "Nisamehe, binti. Ningekuuliza mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikaenea kama moto wa nyasi. Hata mchungaji akajifuta mdomo.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Baba alikula ametugeuzia mgongo hadi nyasi zote zilipokatwa na kukaushwa. Siku Gunvor alipoanza kufunga nguo zake, ndipo alipofungua kinywa.

"Ukitoka mlango huu kwenda kwenye hiyo shule, usirudi."

Mama alikuwa anafunga mkate kwenye kitambaa. "Basi na mimi namsindikiza," akasema kwa sauti ile ile ndogo. "Ng'ombe wako watano, Halstein. Ndoo ya kukamulia ipo pale."

"Brita! Na wewe?"

"Na mimi."

Baba akatazama ndoo. Akatoka, akaubamiza mlango. Tukasikia makasia yakitupwa ndani ya mashua, tukadhani anakwenda kuvua ili hasira zimtoke. Kumbe, tuliposhuka na mizigo, tukamkuta anatusubiri. Alipiga makasia hadi kwenye gati la meli ya moshi, na Gunvor alipokwisha kupanda ngazi, akamwita.

"We Gunvor! Wakikufundisha jibini mbovu kuliko ya mama yako, usiwasikilize."

"Sawa, Baba," dada akajibu huku analia na kucheka.

Alirudi baada ya miaka miwili, akafungua nyumba ya jibini karibu na gati, na wasichana wa ghuba nzima wakaenda kujifunza kwake. Baba alikuwa wa kwanza kumletea maziwa, na alibishana naye kila asubuhi kuhusu chumvi.

Na mimi nilipochumbiwa na Torleiv, fundi wa mashua, mchungaji aliniita pembeni kabla ya kuandika jina lolote. Akakunja mikono juu ya kitabu chake.

"Sunniva, wewe mwenyewe unamtaka?"

"Namtaka, mchungaji."

"Sema tena, kwa sauti. Baba yako yuko hapo nje, na safari hii nataka sote tusikie."

Nikasema kwa sauti kubwa hadi njiwa wakaruka mnarani.