Saini ya Mkono wa Kushoto

Bahasha ya kura ya Harlan Tvedt ilifika kwa posta katika ofisi ya uchaguzi ya kaunti siku sita kabla ya siku ya kupiga kura, na Verna Skogen hakuhitaji miwani kuona kuwa saini imekataa kulingana na ile ya kwenye kompyuta. Ya zamani ilisimama wima. Hii ilijikunja kama mnyoo. Akamwita Lupe, mwenzake wa kazi aliyetoka chama kingine, kwa kuwa bahasha haikataliwi kwa macho ya mtu mmoja.

"Si yake hii," Lupe akasema. "Au alikuwa amelewa."

"Harlan? Hata bia haonji."

"Ndiye yule mwenye bango la chama changu langoni? Mwenzangu, si ungeiacha tu kura yake ipotee!"

"Koma wewe!" Verna akacheka, simu iko sikioni tayari.

Mzee Harlan akawaka simuni. "Matapeli nyie! Juzi mlitaka namba yangu ya benki."

"Sitaki namba, Bwana Tvedt. Nataka kura yako ihesabiwe. Uje na kitambulisho. Kama huwezi, tutakutumia fomu."

Mzee akapoa. "Nitakuja mwenyewe."

Alifika kesho yake, maili arobaini za theluji, akiendeshwa na binti yake Signe. Mkono wa kulia ulining'inia. Kiharusi kilimpata mwezi wa nne. Signe akataka kumshikia kalamu.

"Niache! Nimepiga kura miaka hamsini na mbili, sijashikwa mkono hata siku moja."

Akasaini fomu kwa mkono wa kushoto, polepole, jasho likimtoka. Verna na Lupe wakaiweka fomu kando ya bahasha: mwandiko uleule. Wote wakaidhinisha, na saini mpya ikaingia kwenye kumbukumbu. Mzee akavaa kofia yake, akatoka kifua mbele kama aliyeshinda yeye.

Siku ya uchaguzi bahasha zikafunguliwa, kura zikatolewa na kuchanganywa, hata isijulikane ipi ni ya nani. Mgombea wa Verna akaanguka kwa kura tisa.

"Unajuta?" Lupe akamuuliza, safari hii bila utani.

"Nijute nini? Bahasha elfu nne na mia mbili zimepita mikononi mwetu, na hakuna mtu aliyenyimwa haki yake. Mwache aliyeshinda ashinde."

Akatia jina lake kwenye ripoti ya matokeo, kwa herufi kubwa kuliko kawaida yake.