Saa Nane ya Nani?

Rahila aliusoma ule waraka mara ya kumi na moja huku akimnyonyesha binti yake Aliya, na mara hiyo ndipo moyo ulipomruka.

Si kwamba kusoma hakujui. Miaka mitatu alikwenda skuli ya jioni kule Unguja, mchana akishona, jioni akikaa dawatini. Waraka wenyewe ulikuwa mistari sita ya Kiarabu iliyopigwa kwa mashine, ukimwita kwenye mtihani wa walimu wa skuli ya wasichana iliyokuwa ikifunguliwa mwaka ule wa sabini. Siku ya Jumatano, afisini Ruwi, saa nane. Kila akifika hapo kwenye saa nane furaha humzidi, akaukunja akautia kifuani. Mstari wa mwisho hakuwahi kuupa haki yake.

Leo Jumatano aliupa. "Mtihani utakwisha kabla ya adhana ya adhuhuri."

Akaufuata tena kwa kidole, neno kwa neno. Mtihani unaoanza saa nane mchana utakwishaje kabla ya adhuhuri?

"Bi Mkubwa!" alimwita mama mkwe wake. "Bi Mkubwa, hii saa nane si yetu!"

Bi Masouda alitoka jikoni na unga mikononi. "Saa ina kabila?"

"Hii ni ya Kizungu. Nane yao ni mbili yetu. Asubuhi hii!"

Hapo kijijini Amerat, nchini Omani, watu walihisabu saa tangu jua linapokuchwa, na Waswahili nao ndiyo hisabu yao, kwa hivyo hakuna aliyeshuku kitu. Ghanim, mumewe, alikwishatoka alfajiri na lori la bandarini, akimwachia maneno kwamba lori litarudi saa sita kumchukua. Sasa ilikuwa imegonga saa kumi na mbili na nusu. Kwa miguu, kuvuka jabali mpaka Ruwi ni saa tatu. Kwa punda ni hizo hizo na matusi juu yake.

Macho ya Rahila yakaenda ukutani, ilipoegemea baiskeli ya Ghanim. Ilitoka Unguja vipande vipande ndani ya gunia, na kibati chake cha namba cha Unguja bado kiko nyuma.

Bi Masouda aliyafuata yale macho. "Hata! Hapa si Darajani, mwanangu. Mke wa mtu juu ya chuma, watu watasemaje?"

"Watasema nimekwenda kwenye mtihani."

"Na hilo buibui? Mnyororo utalitafuna ukalale chini kama gunia la mbata."

Rahila alimbusu Aliya utosini, akamweka kwenye mkeka, machozi yakimlengalenga. Nafasi hii akiikosa, nyingine ataipata lini? Mtoto alimtazama akacheka, hana habari kwamba skuli ile ni yake.

Bi Masouda akaguna, akaingia chumbani. Aliporudi alishika suruali yake ya Kiomani, ile ya zari miguuni, inayobana vifundo vizuri.

"Vaa. Hii haishikwi na mnyororo. Miezi yote hii nnakwambia uvae kama watu wa hapa, waniona mshamba." Akamvisha kanzu fupi juu yake, akamfunga shela kichwani, akikaza fundo kama anayefunga mzigo. "Mie nimezaliwa chini ya jabali hili. Ukifika kwenye jiwe lenye mdomo, shika kushoto, kulia ni shimo. Mtoto niachie mie. Haya, potea!"

Rahila akapotea.

Njia ilikuwa ya changarawe tupu, mawe ya mviringo ya wadi, ule mto mkavu, yakikimbia chini ya tairi kama kunde. Jabali la upande ule ni jeupe, la chokaa, na jua la asubuhi lilipolipiga likamchoma macho. Chokaa yote hii, aliwaza, ingepaka Mji Mkongwe mzima mara mia. Akayakumbuka maneno ya kaka yake Ishaq, aliyemfundisha kupanda uani kwao: "Mchangani usibane usukani. Wee elekeza tu, gurudumu litatafuta njia." Akalegeza mikono. Gurudumu likatafuta njia.

Kwenye kijiji kidogo cha mwanzo wa mlima, wanawake waliokuwa wakifua mferejini, kwenye mkondo wa maji, walisimama na nguo zinawachuruzika.

"Ee Zinjibariya!" mmoja akapiga kelele kwa Kiarabu. "Punda wako huyo hula nini?"

"Hula upepo!" Rahila akajibu, na Kiarabu chake kikatoka sawasawa kuliko siku zote.

Kicheko chao kilimsindikiza mpaka palipoanza mpando. Hapo alishuka, akasukuma. Palipozidi aliibeba begani, chuma kikimkata nyama. Kifua kilianza kumjaa maziwa. Kwenye jiwe lenye mdomo akashika kushoto, akachungulia kulia, akasema alhamdulillahi.

Kileleni jabali likabadilika rangi. Nyuma yake jeupe, mbele yake jeusi kama makaa, na Ruwi chini kabisa, nyumba chache na ngome. Breki iliyokuwa nzima ni ya nyuma peke yake. Akapiga bismillahi akateremka. Kona ya tatu changarawe ilimtupa. Goti likachubuka, viganja vikawaka moto. Akainuka, akanyoosha usukani kwa kuubana baina ya magoti, akapanda tena.

Saa ya ukutani afisini ilikuwa na dakika nne kabla ya nane ya Kizungu. Bawabu, mzee Marhoon, alimtazama mwanamke aliyejaa vumbi jeupe, kisha akakitazama kibati cha baiskeli, akaacha Kiarabu chake pale pale, akashika Kiswahili.

"Lahaula! Baiskeli ya Unguja! Nani kakuleta, binti yangu?"

"Nimejileta, babu."

Ndani, viti ishirini, waliokaa saba pamoja naye. Msimamizi, mwalimu wa kigeni mwenye miwani, alitangaza kwamba nafasi ni sita. Saba kwa sita! Rahila alihisi mbavu zinamfunguka. Kisha msimamizi akaanza kuita majina. Nasriya binti Said. Kimya. Mahbuba binti Nasser. Kimya. Shaikha binti Hilal. Kimya. Na kila kimya, kalamu yake ikapiga mstari, mpaka mistari ikawa tisa.

Rahila aliwajua wote, Nasriya zaidi. Walikuja meli moja, Nasriya akimfundisha hisabu njia nzima. Sasa hivi pengine alikuwa akipiga pasi buibui lake, hana haraka, akingoja saa nane.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Rahila akasimama.

"Mwalimu, hao si wazembe. Wametoka Zanzibar. Kwetu saa nane ni baada ya adhuhuri. Watakuja wote, na watakuja mapema."

"Na wewe umejuaje?"

"Mimi nimesoma mstari wa mwisho."

Msimamizi alivua miwani, akaitazama ile suruali ya zari iliyochanika gotini. "Kaa, ufanye mtihani wako," alisema. "Wakija, nitawapa karatasi nyingine."

Walikuja. Rahila aliwaona getini, mabuibui tisa na miavuli yao, saa moja kabla ya wakati, nao wakamshangaa kwa vumbi. Wakati ule alikwishaambiwa aje kuanza kazi Jumamosi: jibu lake la hisabu lilikuwa safi, na msimamizi alimwambia kwamba yeye kamsomesha saa za Waswahili kabla ya kuajiriwa, basi hana haja ya kungoja matokeo ya wenzake.

Ghanim, aliyepitia nyumbani saa sita akamkosa, alimrudisha kwa lori, baiskeli juu ya magunia, akimwambia kila abiria, "Huyu mke wangu. Kavuka jabali." Mara ya tano Rahila akamfinya.

Nyumbani alimnyakua Aliya kabla ya salamu. Mtoto alinyonya kwa hasira, mkono mmoja umeshika shela lenye chokaa. Bi Masouda alisikiliza habari yote, hata ya wale tisa, kisha akalitazama tundu la gotini.

"Suruali yangu ya zari."

"Nitaitia kiraka, Bi Mkubwa, nikurejeshee."

"Unirejeshee nini?" Bi Masouda alikwishatoa sindano, anatunga uzi mlangoni kwenye mwanga, sauti ameipaza ili majirani wasipitwe. "Jumamosi mwalimu atapanda jabali kavaa nini?"