Mashine ya Dada Inacheza

Kiwandani walimwita Fundi, na jina likamfuata mpaka nyumbani alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi alitengeneza cherehani za kiwanda cha nguo, mwanamke pekee kwenye karakana ya wanaume ambao mwanzoni walimcheka na mwishoni walimwogopa. Baada ya kustaafu alijinunulia kitu alichokitamani tangu ujana: mashine ndogo ya kukereza chuma, kuukuu, ya kutosha juu ya meza, ambayo mmiliki wake wa zamani alikuwa ameitelekeza kwenye banda la kuku. Fundi aliitoa kutu kwa mafuta taa na brashi ya waya, akaipaka rangi ya kijani, akaiweka chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa. Humo alikereza vitu visivyokuwa na kazi yoyote duniani ila kuwa sawasawa. Alitengeneza injini za mvuke zinazokaa kiganjani, na vichezeo vya shaba viitwavyo pia, ambavyo ukivizungusha vilizunguka mezani kimya kimya mpaka mgeni akasahau chai yake.

Aliishi na mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Goigoi. Fundi ndiye aliyembatiza jina hilo wakiwa watoto, kwa sababu kila alichoshika kilianguka, na jina la utani ukipewa na dada mkubwa hulivui. Goigoi alikuwa karani wa stoo. Mkewe alipomwacha alikuja kwa dada yake kukaa kwa muda, na muda ule ukaota mizizi. Alipewa chumba kilichopakana na cha mashine. Alifagia, alipika, alikwenda sokoni, wala hakuwa mzigo. Lakini ulimi wa Fundi ulikuwa na makali kuliko kisu cha mashine yake. Goigoi akivunja kikombe, habari zilimfikia jirani kabla vipande havijazolewa.

Jumapili asubuhi ilikuwa zamu ya mashine kuhudumiwa, na Goigoi aliitwa kushika taa. Fundi alipangusa chembechembe za chuma, akadondosha oili kwenye kila tundu, kisha akafika kwenye jambo lililomnyima usingizi, ule mchezo wa skrubu. Kisu cha mashine hukaa juu ya kitoroli kidogo, na kitoroli husukumwa na skrubu ndefu inayopita ndani ya nati ya shaba. Nati ikilika au ikilegea, unazungusha mpini na kisu kinabaki palepale, mpaka mpini uzunguke kidogo bure ndipo kisu kianze kwenda. Hapo mafundi husema mashine inacheza. Mchezo haukosekani kabisa, Fundi alikuwa akieleza huku ameinama, bila kumwangalia yule aliyekuwa akimweleza. Dawa yake ni kukijongeza kisu kutoka upande mmoja tu, na ukipitiliza unarudi nyuma zaidi, ndipo unakuja mbele upya. Halafu kuna zile skrubu ndogo za ubavuni zinazobana kitoroli kisiyumbe. Ukizikaza mno kinagoma, ukizilegeza mno kisu kinatetemeka na chuma kinatoka kama mfupa uliotafunwa na mbwa.

"Mashine ndogo ni kama mtu mfupi," alipenda kusema. "Ukimlegezea kidogo anakupanda kichwani."

Goigoi aliyasikia hayo mpaka yakamkaa kichwani kama sala. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anayajua. Mara moja aliomba ajaribu, na dada yake, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na wageni, alimruhusu. Mikono ikamshinda kwa woga, kisu kikaparamia chuma na kuvunjika ncha. Wageni wakacheka. Fundi akamwambia asiiguse tena mashine ile hata ndotoni.

Kilichomchoma zaidi kilikuja baadaye. Goigoi alikuwa akitimiza miaka sitini, na Fundi aliwaalika majirani na marafiki wa kiwandani. Alikuwa amejifungia chumba cha nyuma wiki nzima, na Goigoi, aliyemsikia ukutani, alijua anatengenezewa kitu. Alisubiri kwa furaha ambayo hakuwa ameionja miaka mingi. Mbele ya watu wote dada yake akampa kisanduku. Ndani mlikuwa na kijiko cha shaba kilichong'arishwa kama kioo, chenye mpini mnene kama wa kijiko cha mtoto anayejifunza kula.

"Hiki hakitakuponyoka," Fundi alisema.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Goigoi naye alicheka, akashukuru, akakizungusha kijiko meza nzima ili kila mtu akione. Mafundi wa zamani walikisifu, wakapitisha kidole kwenye mpini wakitafuta mkwaruzo wakaukosa. Alipokwenda jikoni kuongeza chai alisimama mbele ya jiko mpaka birika likafurika na kuzima moto.

Wiki iliyofuata Fundi alikwenda kumzika mwenzake wa kiwandani, na Goigoi akaingia chumba cha nyuma. Alichukua alenki, ule ufunguo mdogo wa kugeuzia skrubu, kutoka kwenye droo, akalegeza skrubu za ubavuni, kila moja kidogo sana, kisha ile nati ya shaba. Hakuangusha kitu. Alishangaa jinsi mikono yake ilivyotulia pasipokuwa na mtu wa kuitazama. Alipangusa alama za vidole, akarudisha alenki mahali pake, akaenda kumenya viazi.

Kesho yake alisikia ukutani mlio wa kisu kinachotetemeka, kisha mashine ikazimwa. Fundi alitoka na kipande cha shaba chenye mawimbi, akakitazama juani, akasema skrubu zimelegea. Akazikaza, kazi ikanyooka. Goigoi alingoja. Alizilegeza tena, safari hii kidogo zaidi, na nati akaiacha. Safari nyingine aligusa nati tu. Hakufanya hivyo kila mara. Kuna wiki aliiacha mashine salama, dada yake apate matumaini.

Fundi alihangaika kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Aliifungua mashine yote, akaiosha, akaifunga. Alipima asubuhi ikawa safi, akapima jioni ikawa inacheza. Mwishowe alikwenda kwa Mkereza, jamaa mwenye karakana kubwa karibu na soko, akatengenezewa nati mpya. Mkereza alikuja kuifunga mwenyewe, akajaribu mpini mbele na nyuma, akasema nati hiyo itamzika yeye. Haikufika wiki mbili, Fundi akamwita tena. Mkereza alipima, akakuta mchezo mkubwa, akaguna. Alisema nati mpya hailiki hivyo, na skrubu hazijilegezi kama kamba za viatu. Alikaza kila kitu upya, akanawa mikono, akanywa chai aliyoletewa na Goigoi. Ndipo akatupa neno la mzaha, wala hakuwa na ubaya.

"Fundi, au ni mkono wako ndio unacheza?"

Alicheka peke yake. Goigoi, aliyekuwa ameshika sinia, aliuona uso wa dada yake ukibadilika. Ulikuwa ni uso asioufahamu. Hata siku walipomzika mama yao hakuwahi kumwona amekaa hivyo, macho yakiwa juu ya mikono yake mwenyewe kama ya mtu aliyeletewa mtoto asiye wake.

Kuanzia hapo hakuwa na haja ya kuisumbua mashine sana. Maneno yalitosha. Akimpokea dada yake kikombe alisema, kwa sauti ya huruma, kwamba naona kinatikisika, labda ni baridi. Fundi akishindwa kutia uzi kwenye sindano, alimwondolea kazi ile taratibu na kusema umri ni umri. Dada mtu akaanza kujichunguza. Alinyoosha vidole mbele ya dirisha, akavikazia macho, na mkono wowote ukiukazia macho muda mrefu utatetemeka. Alikwenda kwa daktari, ambaye hakuona kitu. Daktari alimwambia kwamba ni mtu mzima sasa, amekula chumvi nyingi, apunguze kazi. Fundi alirudi na neno hilo moja tu, apunguze.

Jumapili ile hakuomba taa. Aliifunika mashine kwa shuka, akasukuma mlango, akamwambia mdogo wake kwamba mkono ukishaanza kukidanganya chuma, ni heshima kuacha. Goigoi alimjibu kwamba pole, dada. Chakula cha mchana siku hiyo kilimwendea vizuri. Alikula, akaongeza.

Furaha haikudumu. Fundi hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu, na alipokubali kwamba mikono yake imekwisha, alikubali imekwisha kabisa. Aliacha kukata mboga asije akajikata. Aliacha kubeba birika, kisha kikombe. Akaacha kufunga vifungo. Aliketi kwenye kiti cha sebuleni, mikono imelala mapajani kama vitu vya kuazima, akaagiza. Goigoi alimchana nywele, akamkata kucha, akamvisha, akamlisha. Kwa kila alichofanya alisahihishwa. Kitana kilikuwa kinakwenda vibaya, uji ulikuwa na mabonge, kifungo kimeruka tundu. Ulimi haukuwa na ugonjwa wowote. Akitaka kutoka hata kunyoosha miguu, aliulizwa nani atamshikia maji. Majirani walimsifu njiani wakasema ndugu wa namna hii hawapatikani siku hizi, na kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki kooni.

Miaka ikapita namna hiyo. Goigoi alikonda, akaota mvi hata kwenye nyusi. Siku moja alimwona dada yake, akidhani yuko peke yake, amejikuna mgongo kwa mkono ule ule unaoshindwa kushika kijiko. Ulitulia kabisa. Goigoi aliporudi sebuleni ukaanza kutetemeka, na machoni mwa dada yake hamkuwa na hila yoyote. Ugonjwa ule ulikuwa wa kweli kwake.

Kesho yake Goigoi alifungua chumba cha nyuma. Aliondoa shuka, akatoa kutu, akapangusa, akadondosha oili kila tundu. Alikaza nati mpaka mchezo ukabaki ule usiokosekana, akabana skrubu za ubavuni moja baada ya nyingine, akisukuma kitoroli kila mara kuhisi kinavyokwenda. Kisha akafunga kipande cha shaba, akawasha, na akaja na kisu kutoka upande mmoja, kama alivyofundishwa na mtu ambaye hakujua anafundisha. Akakereza pia moja ya kuzungusha. Haikuwa nzuri kama za dada yake, lakini iliposimamishwa mezani ilizunguka, ikasimama wima, haikuyumba.

Aliipeleka sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Dada, mashine haina kosa. Wala wewe huna. Ni mimi niliyekuwa nalegeza zile skrubu, na nati. Tangu kile kijiko."

Fundi aliitazama ile pia ya shaba, akamwomba amzungushie. Aliitazama mpaka ikalala. Kisha akauliza Mkereza hajambo, na ameomba kiasi gani kwa kuikereza. Goigoi akasema hakuna Mkereza, ameifanya kwa mikono yake. Akamweleza yote, alenki iko droo ipi, siku ya mazishi alifanya nini, aligeuza kiasi gani na kwa nini hakugeuza zaidi. Aliongea mpaka sauti ikamkauka. Dada yake alimsikiliza vizuri, kama alivyokuwa akiwasikiliza vijana wa karakana waliochoma mota na kuja na hadithi.

"Unataka kunifariji," alisema. "Au umechoka kunihudumia. Sikulaumu."

"Ni kweli tupu, dada."

"Mdogo wangu, skrubu zile ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Ungekuwa unaweza kuzigusa bila hata moja kukuanguka, ningekuheshimu tangu zamani."

Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kwa upole ambao Goigoi hakuwahi kuupata kwake, na ndio uliomvunja. Goigoi alimshika dada yake mkono, akamwinua karibu kwa nguvu, akampeleka chumba cha nyuma, akamkalisha mbele ya mashine na kuiwasha. Akamwambia shika mpini, kata, utaona. Fundi alishika. Vidole vilitetemeka kweli, kwa sababu havikuwa vimefanya kazi kwa miaka, na kisu kikaparamia shaba kikavunjika ncha. Alizima mashine mwenyewe. Alikaa kidogo akitazama mkwaruzo, kisha akamwomba amrudishe kwenye kiti chake, na amletee kitambaa apanguse macho.

Jioni jirani alikuja kumjulia hali, na Fundi akamsimulia. Alisema mdogo wake huyu ana moyo wa dhahabu, maana ili kumpa dada yake matumaini amejitwisha kosa la kuharibu mashine, yeye ambaye hawezi kufungua kopo la maziwa bila kumwaga. Jirani alicheka, akatingisha kichwa, akasema Goigoi jamani, Goigoi. Goigoi alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alimimina chai vikombe viwili, hakumwaga hata tone, na hakuna aliyeangalia. Kisha akavuta kigoda karibu na dada yake, akapuliza chai, akaanza kumnywesha.

"Polepole," Fundi alisema. "Unanichoma."