Makaa ya Kigango cha Chunyu

Bruda Protasi alikuwa na mwandiko mzuri, na ndio uliomponza. Mkuu wa nyumba yao ya watawa, huko Nachingwea, alimkabidhi kronika, lile buku kubwa la mambo ya misheni, ambalo kilichoingia humo hakikufutwa. Tarehe tisa Agosti 1993 kanisa la kigango cha Chunyu liliungua. Ni Protasi aliyesahau chetezo chenye makaa chini ya pazia la sakristia. Lakini alipofika kuandika, akapata woga, akaweka: "Uzembe wa katekista Tomasi." Si ndiye aliyefunga mlango siku ile? Tomasi akavuliwa ukatekista, na wanawe wakaitwa watoto wa mchoma kanisa.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mchana watawa wakila kimya, mmoja huwasomea kronika ya tarehe hiyo ya miaka iliyopita. Kwa hiyo kila tarehe tisa Agosti uongo wa Protasi ulimfuata mezani, na ugali akauacha sahanini. Alijichukia kwelikweli. Lakini kujichukia hakukumgharimu kitu, mwoga yule, na jioni alikula vizuri tu.

Tarehe nane Agosti 2003, Tomasi alikuja ameshikwa mkono na bintiye Albina. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemmaliza macho yote mawili.

"Bruda, mie nimezeeka. Nisomee mle nilivyoandikwa, nijue naacha jina gani."

Protasi alifungua ukurasa. Akasoma, "Moto ulitokana na chetezo alichokisahau Bruda Protasi."

Albina alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bruda, akiufuata ukurasa kwa macho. "Baba, haikuandikwa hivyo," akasema. "Limeandikwa jina lako."

Protasi akapiga magoti sakafuni. "Niliandika uongo, mzee wangu. Sasa hivi naandika ukweli pembeni na kutia sahihi. Kesho nitausoma mwenyewe mbele ya wenzangu wote. Nisamehe."

Alingoja matusi, angeyapokea kwa shukrani. Tomasi aliipapasa fimbo yake.

"Kumbe siyo mie?" akauliza hatimaye. "Nilisema moyoni kitabu cha misheni hakiwezi kudanganya. Nikajua ni mie niliyefunga mlango bila kutazama. Miaka kumi, Bruda, kila Kwaresima nakwenda kuliungama kosa hilo."