Barafu ya Granville

Asubuhi ya kwanza wanajeshi walipopita mtaani, Aksanti alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akifunga kamba za viatu vyake vya barafu, vile vyenye ubapa wa chuma chini ya soli. Mama yake, Nicole, alikuwa jikoni akifungasha wali na sombe, kisamvu cha kwao, wa kula kazini. Redio ilikuwa ikisoma majina ya vitongoji vya magharibi mwa Sydney ambavyo watu wake wamefungiwa kwa sababu ya korona, na Granville yao ilikuwemo. Basi la kwenda Westmead halikuja. Aksanti akachukua gongo lake la hoki, akashuka kwenye saruji ya ua, na saruji ikaganda.

Haikuganda yote. Iliganda pale alipokanyaga, kisha hatua moja mbele yake, nyeupe na laini kama kioo cha dirisha. Akateleza hadi kwenye geti. Barafu ikatangulia.

"Mama, kuna barafu huku," akasema.

"Nimeona," Nicole akajibu kutoka jikoni. "Usiilete ndani. Nimetoka kupiga deki."

Aksanti alizaliwa kambini Uganda, wazazi wake walikokimbilia kutoka Bukavu, na huko barafu ilikuwa kitu cha kuuzwa kwenye vifuko vya nailoni. Walipohamia Australia, shule yake iliwapeleka watoto kwenye uwanja wa barafu wa ndani. Alianguka siku nzima. Akarudi nyumbani na magoti yamevimba, akataka kujua watampeleka tena lini. Maureen, mama wa makamo aliyewahi kuwa golikipa na sasa alikuwa kocha, alimpa viatu vilivyokuwa vimembana kijana mmoja, akamwingiza kwenye timu ya watoto. Alikuwa msichana peke yake. Wavulana walimbamiza kwenye ukuta wa uwanja mpaka akajifunza kusimama kabla filimbi haijapulizwa. Akapanda timu ya vijana, akapanda tena, mpaka akafika timu ya wanawake ya klabu, akicheza na wauguzi na mafundi bomba jioni baada ya masomo, maana mchezo huo haumlishi mtu pale. Mwaka ule Maureen alikuwa amemwambia kwamba kamati ya uteuzi inamtazama kwa ajili ya timu ya jimbo. Kisha uwanja ukafungwa kwa kufuli.

Kwa kuwa basi halikuja, Nicole alitoa kiti cha plastiki, akakiweka juu ya barafu, akakikalia na mkoba wake mapajani. Nyumba ya wazee aliyofanyia kazi ilikuwa Westmead, na kulikuwa na bikizee mmoja aliyekubali kula kwa mkono wa Nicole tu.

"Nisukume," akasema. "Taratibu kwenye kona."

Aksanti akamsukuma. Karibu na daraja la reli polisi wawili waliwasimamisha. Mmoja, kijana, barakoa imemshuka chini ya pua, akaitazama barafu, akakitazama kiti.

"Mnakwenda wapi?"

"Miye naenda kazi," Nicole akasema. "Huyu anafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kusukuma kiti?"

"Kiti ni kiti. Sheria yako inasema nini juu ya kiti?"

Polisi akatafuta kwenye simu yake. Sheria ilitaja mbwa, baiskeli na vigari vya watoto. Haikutaja kiti wala barafu.

"Sasa pandisha barakoa, mwanangu," Nicole akamwambia. "Miye natunza wazee."

Polisi akaipandisha, akawapisha.

Hivyo ndivyo Aksanti alivyofanya mazoezi majira yale ya baridi. Alimpeleka mama yake kila zamu, akarudi na kiti kitupu akikipiga chenga kama beki wa timu pinzani. Barafu haikuyeyuka nyuma yake. Jirani yao Mrundi, Papa Kubwimana, alikuja kusimama kwenye uzio.

"Mama Aksanti, baridi ya mtoto wako imeunguza mchicha wangu wa lengalenga."

"Pole, Papa. Nitakuletea sombe."

"Na samaki wangu je, naweza kuwaweka hapo mbele ya geti?"

"Weka tu. Ila usiwaweke njiani, atawagonga."

Wasichana wa mtaani walianza kutoka, nyumba moja baada ya nyingine. Wa kwanza alikuwa Keza, mjukuu wa Papa Kubwimana, kichwani kofia ya baiskeli, mikononi ufagio. Siku moja helikopta ya polisi ilishuka chini, na kipaza sauti kikaamuru barafu itawanyike. Haikutawanyika.

Jioni televisheni iliwaonyesha watu wa mashariki mwa jiji, wamejaa ufukweni na mbwa wao na vikombe vya kahawa. Hapakuwa na mwanajeshi. Nicole alitazama mpaka mwisho wa taarifa.

"Kumbe kirusi kinajua kusoma ramani," akasema, akazima.

Majira ya kuchipua yalipoanza, watu wa vitongoji vingine waliruhusiwa kukutana nje katika vikundi vidogo. Wachezaji wanaokaa karibu na bahari wakafanya mazoezi pamoja kwa viatu vya magurudumu. Magharibi hawakuruhusiwa. Oktoba milango ikafunguliwa, na kamati ikatangaza mchujo katika uwanja mmoja wa kaskazini. Maureen alimpeleka Aksanti kwa gari lake.

Miguu iliyomsukuma Nicole mpaka Westmead haikuwa na mpinzani pale. Aksanti alikichukua kisahani cheusi cha mpira kutoka goli hadi goli, na hakuna aliyemnyang'anya. Waliombana walibaki wameukumbatia ukuta. Mchezo ulipokwisha, mwenyekiti wa kamati, Bi Lorraine, alimwita pembeni. Maureen akaenda naye.

"Umecheza vizuri kuliko wote," Bi Lorraine akasema. "Lakini timu tulishaichagua mwezi uliopita, kwa waliofanya mazoezi ya pamoja."

"Mwezi uliopita tulikuwa tumefungiwa."

"Tunajua. Ndiyo maana hukuwemo."

"Nilikuwa na barafu mlangoni kwetu."

"Tuliiona kwenye habari. Barafu nzuri sana. Ila si uwanja unaotambuliwa."

"Basi mchujo wa leo ulikuwa wa nini?" Maureen akauliza, uso umemwiva.

"Wa haki," Bi Lorraine akasema. "Tulitaka kila mtu apate nafasi."

Aksanti hakutaka mama yule ayaone machozi yake. Hakuvua viatu. Alitoka navyo mpaka maegeshoni, lami ikaganda, akarudi Granville kwa miguu yake, huku Maureen akimfuata kwa gari na taa za tahadhari zikiwaka. Madereva waliwapisha. Alipofika, Nicole alimwekea ugali mezani, akakaa mbele yake akimtazama akila.

"Wamekukataa?"

"Wamenikataa."

"Na wewe?"

"Mimi bado."

Januari joto lilikuwa la kutoa mtu roho, na mtambo wa kupoza uwanja ule wa kaskazini ukaungua. Barafu ya Granville haikutoa hata jasho. Halmashauri ilikuwa imeweka kibao cha kuonya kwamba mtaa unateleza. Bi Lorraine akampigia Maureen simu, na Jumamosi timu ya jimbo ikashuka kwenye basi dogo.

"Tunaomba wakazi wasimame pembeni," Bi Lorraine akatangaza.

Aksanti alikuwa katikati ya mtaa, na nyuma yake Keza na wenzake, wenye magongo na wenye mafagio.

"Mtaa ni wetu," akasema. "Mkitaka barafu, mtacheza na sisi."

Wakacheza. Papa Kubwimana aliwaondoa samaki wake, akasimama golini upande wa Granville kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Granville ikashinda, na nahodha wa timu ya jimbo akavua kofia kumpa Aksanti mkono. Bi Lorraine aliwashukuru wakazi wote, akasema jamii hii ina vipaji vya ajabu, akapanda basi.

Timu ya mwaka uliofuata ilipotangazwa, hapakuwa na mchezaji hata mmoja wa magharibi. Maureen alikuja mwenyewe kumwambia. Aksanti alikuwa akiwafundisha wasichana kugeuka bila kupunguza mwendo.

"Ofisi ya kamati iko wapi?" akauliza.

"Mashariki, karibu na bahari."

"Njia ni lami?"

"Lami mpaka mlangoni."

Aksanti akavaa kofia, akawaita wasichana, akamwambia mama yake asimsubiri kwa chakula. Wakatoka mtaani, barafu ikiwatangulia, wakishika upande wa kushoto wa barabara, kama sheria inavyotaka.