Imamu Aliyeingia Katikati ya Sala

Mwaka ule Uingereza ilibadilisha waziri mkuu mara mbili bila ya wananchi kuitwa kwenye uchaguzi, na mara zote mbili barza ya Wazanzibari kwenye mkahawa wa Waarabu pale Edgware Road iligawika mapande mawili. Waliotaka kura ipigwe upya walikaa na Faki. Waliosema haina haja walikaa na Ameir, ingawa wengine walikaa hapo kwa sababu ndipo penye hita.

Ameir alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alitoka Konde, Pemba, na miaka kumi na minane, akazunguka dunia. Mombasa alibeba magunia bandarini, Bahrain alipaka rangi meli, Muscat aliuza kwenye duka la mtu, Liverpool alifagia hospitali, na mwisho akatua Edmonton, kwa binti yake Malak. Kusoma alisoma vipande vipande: chuo cha Kurani, skuli hadi darasa la tano, kisha madarasa ya jioni huko Liverpool, alikofundishwa Kiingereza na namna Bunge la Waingereza linavyokwenda. Hilo la Bunge ndilo lililompa kiti barzani.

Siku aliyoingia waziri mkuu wa pili, televisheni ya mkahawa ikimwonesha akiingia mlangoni, Faki alisema huu ni wizi wa mchana. Watu walimchagua mtu, mtu kaondoka, na huyu wa sasa hakuna aliyemwona kwenye karatasi ya kura. Ameir akamuuliza karatasi yake yeye Faki ilikuwa na jina la nani. Faki akasema la mbunge. Basi, akasema Ameir, hukumchagua waziri mkuu hata siku moja. Ulichagua mbunge, na wabunge walio wengi ndio wanaomtoa kiongozi miongoni mwao. Akaona Faki bado kakunja uso.

"Sikiliza, yakhe. Imamu udhu ukimtenguka katikati ya sala anafanya nini? Anamvuta mmoja wa mbele, anamsimamisha pahala pake, sala inaendelea. Umemwona nani akageuka nyuma kuwauliza maamuma wanamtaka nani?"

Barza ilicheka. Faki akasema hao wa mbele wenyewe hawana udhu, lakini kicheko kilikuwa kimeshahamia upande wa pili.

Wiki tatu baadaye Harith akahama London.

Harith alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kuzikana, ya Wapemba na Waunguja wa kaskazini ya mji. Kwenye jumuiya hiyo mwenyekiti hachaguliwi na wanachama. Watu saba wanajipanga, wanakuja na ahadi yao. Saba wengine wanakuja na yao. Wanachama wananyoosha mikono, na walioshinda wanakaa miaka mitatu, wakimtoa mwenyekiti miongoni mwao. Kundi la Harith lilishinda mwaka mmoja nyuma kwa neno moja tu: mwanachama aliyeusia azikwe kwao, atapelekwa kwao kwa fedha za jumuiya. Sasa Harith anamfuata mwanawe Muscat. Wale sita waliobaki wakakaa, wakamweka Asad, naibu wake, na Ijumaa ile ujumbe ukaingia kwenye simu za wanachama wote. Mwenyekiti ni Asad. Na kuanzia leo, kila mwanachama atazikwa London.

Asad hakuwa mtu mbaya, na Ameir alilijua hilo. Maiti ya baba yake ilikaa kwenye jokofu siku kumi na mbili, ikingoja karatasi na nafasi ya ndege, na Asad alikwenda kila siku baada ya kazi kuiangalia. Mtu aliyepitia hayo huwezi kumwambia habari ya maiti kusubiri.

Lakini Ameir naye alikuwa na lake. Mama yake alipofariki yeye alikuwa Bahrain, na barua ilimfikia baada ya arubaini. Hakutia udongo. Alichobaki nacho ni pahala pa kaburi ubavuni pa mama, ambapo dada yake Mwanabaraka amepalinda miaka na miaka. Na mwezi wa Septemba daktari alimwambia moyo wake umechoka. Hakumwambia utasimama lini, ila Ameir alielewa kuwa miaka miwili, hadi uchaguzi mwingine, ni mbali.

Jumamosi akaenda barzani, akaagiza kahawa, akasema inafaa wanachama waitwe wapige kura upya. Faki akakiweka kikombe chini taratibu.

"Kura ya nini tena, Ameir? Sala inaendelea."

Barza nzima ikamgeukia. Ameir alijua yatamfika, na njia nzima kwenye treni alikuwa akitafuta jawabu.

"Inaendelea, sawa. Lakini imamu mpya anamaliza sala ileile aliyoikuta. Hawezi kuikuta adhuhuri akaimalizia sala ya maiti."

Faki akafikiri, akakubali kuwa hilo ni neno. Akaongeza kwamba lingekuwa tamu zaidi wiki tatu nyuma, Ameir alipokuwa akiwatetea wale wa kwenye televisheni, ambao nao waliingia kwa ahadi za mwenzao kisha wakazitupa jaani. Ameir akakiinamia kikombe chake. Faki alimwacha akae hivyo hadi kahawa ikapoa, ndipo akatoa kalamu na kutia sahihi ya kwanza.

Katiba ya jumuiya inataka sahihi thelathini ili mkutano uitwe. Ameir alizikusanya kwa mabasi, siku tisa, Edmonton na Tottenham, hadi Harrow kwa Wapemba wawili tu ambao walimlisha akashindwa kuinuka. Ngazi za magorofa alizipanda akipumzika kila baada ya ghorofa moja. Zilipotimia akazipeleka kwa Ibtisam, katibu wa jumuiya, mwanamke wa ofisini, mtaratibu.

Ibtisam alizihesabu, akasema mkutano atauita. Lakini akamfungulia daftari la mkutano wa mwaka uliopita. Majina ya wale saba yalikuwamo, idadi ya mikono ilikuwamo, hata biriani iliyoliwa ilikuwamo. Ahadi ya kupeleka maiti kwao haikuwamo. Ameir akamuuliza kulikoni.

"Ami, tulisoma Fatiha. Ningeandika tena, mbele ya watu wazima? Si ningekuwa nawaambia siwaamini?"

Ameir alikumbuka. Harith alisema neno lake, mtu akatamka al-Fatiha, ukumbi mzima ukainua viganja, wakasoma, wakajipangusa nyuso, wakaliendea biriani. Yeye mwenyewe siku ile angemwona Ibtisam na kalamu yake, angesema huyu mtoto hana adabu. Ibtisam akamweleza kwa upole kwamba kwa karatasi zilivyo, Asad yuko sawa kwa kila kitu.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya adhuhuri, kwenye ukumbi wa kukodi Edmonton. Asad alisimama akasema bila ya kupamba. Wanachama waliwachagua saba, sita waliobaki wamemweka mmoja wao, hakuna kilichovunjwa. Hata nchi hii inatawaliwa hivyo, na Mzee Ameir ndiye aliyetufundisha. Watu wakacheka kidogo. Kisha akasimulia siku kumi na mbili za baba yake, na kicheko kikaisha.

Barza yote ilikuwa imekuja kumsikia Ameir akijibu kwa hotuba. Aliinuka, akashika mgongo wa kiti cha mbele.

"Sina neno na uenyekiti wako, Asad. Wamekuweka, kaa. Nina suala moja. Siku ile iliposomwa Fatiha ya kupeleka watu kwao, wewe ulisoma au hukusoma?"

Asad angeweza kusema mengi. Angeweza kusema lile lilikuwa neno la Harith, au kuliomba daftari. Watu walimwona akitazama viganja vyake.

"Nilisoma, Mzee."

"Basi."

Ameir akakaa. Faki, nyuma yake, akanong'ona kwamba angelijua, asingeipoteza sahihi yake, neno moja lingetosha.

Asad akasema kwamba Fatiha ile hakuisoma peke yake, ukumbi mzima uliisoma, kwa hivyo yeye na wenzake watano hawawezi kuifungua. Walioifunga wote ndio wa kuifungua. Papo hapo akaweka uongozi chini. Wapigiwe kura upya: wao, kwa neno hili jipya la kuzika London, au watu saba wengine, kwa neno la zamani.

Ndicho alichokitaka Ameir, na alikipata chote. Saba wa neno la zamani wakapatikana kwa haraka, Faki akiwa wa saba, akilalamika kuwa yeye alikuja kusikiliza tu.

Ibtisam alihesabu mikono mara mbili. Neno la zamani lilipata ishirini na mbili. Neno la Asad lilipata thelathini na tisa. Wengine katika waliomtilia Ameir sahihi walimtilia ili nao waulizwe, na walipoulizwa wakajibu kinyume chake. Na kwenye mstari wa tatu, kati ya ile thelathini na tisa, ulikuwamo mkono wa Malak. Hakuuficha. Aliunyoosha akimtazama baba yake.

Hakuna aliyeshangilia. Fatiha ikasomwa, Ibtisam midomo ikisoma na mkono ukiandika. Asad akaja kumpa Ameir mkono, na Ameir akaupokea, kwa sababu kura aliitaka mwenyewe na ilipigwa mbele ya macho yake.

Kwenye kituo cha basi baba na binti walisimama wakingoja. Malak kwa kawaida humjibu baba yake kwa Kiingereza. Leo alianza yeye, na kwa Kiswahili.

"Konde nitafika mara ngapi, Baba? Mara moja miaka mitano? Hapa nitakuja kila wiki."

Ameir akamuuliza kwa nini hakumwambia hayo nyumbani, kabla hajapanda ngazi zote zile. Malak akarudi kwenye Kiingereza chake, akasema kwamba hakuulizwa.

Ni kweli. Alizunguka London siku tisa akigonga milango ya watu, na mlango wa chumba cha pili, alimolala mwanachama mmoja mwenye kura yake kamili, hakuugonga. Alidhani ile ni kura yake yeye.

Basi likachelewa. Ameir akakaa kwenye benchi la kituo, akasubiri pumzi irudi.

"Hayo makaburi ni mbali?"

"Dakika arubaini hivi."

"Kesho nipeleke nikayaone."

Malak akasema kesho yuko kazini, na keshokutwa pia. Labda Jumatano.

"Jumatano," akasema Ameir. "Haya."