Jibu la Posa Lililokaa Kwenye Simu

Mume wangu Silvanus hana ugomvi na mtu yeyote hapa Kibaha. Ugomvi wake ni mmoja tu, na kampuni ya simu. Siku alipogundua kwamba kusikiliza ujumbe wa sauti kunakata salio, alinihutubia barazani mpaka chai ikapoa.

"Eugenia, mtu amenipigia kwa hela yake. Ameongea kwa hela yake. Halafu na mimi nilipe ili nisikie nilichoambiwa? Kwani barua yangu ikifika posta huwa nalipia kuifungua?"

Nikamkumbusha kwamba sanduku la posta nalo lina kodi. Akachukua kikombe chake akaingia ndani.

Toka siku hiyo akaapa. Kila simu ilipomletea taarifa kwamba ana ujumbe mpya wa sauti, aliifuta taarifa hiyo hapo hapo, ujumbe wenyewe akauacha huko huko kwa kampuni bila kuusikiliza, akisema anayemhitaji kweli atapiga tena. Mtu uliyezeeka naye unajua la kumbishia na la kumwachia, na hili nilimwachia. Sikujua kwamba kuna kijana wa watu atakonda kwa sababu yake.

Kijana mwenyewe ni Ambokile, mpangaji wetu wa chumba cha uani, muuguzi, kwao Tukuyu. Ni mtaratibu kiasi kwamba akipita dirishani na redio yake huipunguza sauti. Alikuwa amempenda Monica, mwalimu wa chekechea kule Kisarawe, na wazazi wa kijana, kwa kuwa wako mbali, wakamwomba Silvanus awe mshenga. Mume wangu alifurahi kupita kiasi. Alinunua kofia mpya, akafanya mazoezi ya kukohoa kiungwana mbele ya kioo, kisha akaipeleka posa Masaki, ile ya kijijini huko Kisarawe, kwa Mzee Damiani.

Huyu Mzee Damiani ni baba mkubwa wa Monica, ndiye aliyemlea binti huyo baada ya baba yake mzazi kufariki. Analima mihogo na korosho, na ni mtu wa taratibu zake. Aliipokea posa kwa mikono miwili, akaweka masharti. Jibu litatoka kinywani mwake liende sikioni mwa mshenga, si kwa maandishi ya simu, wala si kupitia kwa binti. Mpaka hapo, Monica na Ambokile wasizungumze hata salamu. Na upande wetu tusimdai jibu, kwa kuwa anayeposa akidai anaonekana ana pupa na mtoto wa watu. Lakini tukiitwa tusiende, basi tumeghairi, na habari imeishia hapo.

Monica alimpa baba yake mkubwa neno lake, akalishika kweli. Vijana wa siku hizi wangetumiana ujumbe chini ya meza, ila yeye alinyamaza kabisa. Ambokile akazidi kumpenda kwa hilo, na akazidi kukosa usingizi.

Wiki zikapita. Kila jioni akirudi kazini alisimama mlangoni mwa jiko langu. "Shikamoo mama. Baba amesema lolote?" Namwambia bado, mwanangu. Anashukuru, anakwenda zake. Suruali zikaanza kumpwaya, mkanda ukatobolewa tundu jipya kwa msumari. Nilimwonea huruma mpaka nikawa namwekea bakuli la ndizi kila siku, na nilipolikuta halijaguswa niliumia kama ni mwanangu wa kumzaa.

Jumapili moja mchana Silvanus aliamka usingizini, akawasha simu. Akilala mchana huizima, hataki kusumbuliwa. Simu ikalia: ana ujumbe mpya wa sauti. Akafuta.

"Hizi taarifa," nikamuuliza, "mbona naona zinakuja Jumapili tu, ukishaamka?"

"Wanajua Jumapili watu wametulia. Ndiyo siku ya kuwala hela."

"Masaki kwa Mzee Damiani mtandao ukoje?"

"Hovyo. Aliniambia akitaka kupiga simu lazima apande mpaka kule kanisani, kilimani."

"Na kanisani anakwenda lini?"

Silvanus akaitazama simu yake. Nikamwona anapiga hesabu: misa inakwisha, mzee anasalimiana na watu, anatoa simu, na huku Kibaha mshenga anakoroma. Halafu akatikisa kichwa.

"Hapana. Mzee yule ni mtu wa heshima. Hawezi kuliachia jibu la posa kwenye mashine."

"Alisema litoke kinywani mwake. Wewe uwe macho, hilo hakulisema."

"Eugenia, nina msimamo wangu."

"Msimamo wako unamla mtoto wa watu!" Nilisema kwa sauti, nakiri, na sufuria niliyokuwa naisugua niliitupa kwenye beseni.

Kumbe Ambokile alikuwa bombani, amesikia yote. Aliiacha ndoo ikifurika, akatoka mbio na ndala zake mpaka dukani. Aliporudi alikuwa na vocha mkononi. Akapiga goti mbele ya mume wangu, akainyoosha kwa mikono miwili. "Baba, naomba."

Silvanus akampa simu huku anaangalia ukutani.

Tukaiweka kwenye kigoda, sauti yote nje. Kwanza akaongea yule dada wa kampuni, taratibu kama ana siku nzima: bonyeza namba hii kusikiliza, bonyeza ile kuruka mbele. Kisha ukaja upepo, na kikohozi ninachokijua.

"Tumsifu Yesu Kristu," alisema Mzee Damiani, akanyamaza.

Alikuwa anangoja kujibiwa! Mzee wa watu amesimama kilimani, anaiachia simu nafasi ya kuitikia. "Milele, amina," nikasema, maana nilishindwa kumwacha hivyo hivyo. Akaendelea kama amenisikia. Akamuuliza mshenga hali yake, akangoja. Akaniulizia mimi, akangoja. Akaulizia mvua ya Kibaha, akaeleza ya Masaki, kisha mikorosho, ambayo mwaka huu imechanua vizuri ila kuna ugonjwa kwenye majani.

"Na huyo kijana," akasema, "hajambo?"

Ambokile alinyanyuka, akasimama wima mbele ya kigoda. "Shikamoo baba," akaiambia simu.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Na katikati ya kicheko changu simu ikakata. Salio limekwisha, na mzee alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwenye mihogo.

Ambokile akakimbia tena dukani. Tulipopiga mara ya pili, ujumbe ukaanza upya, tumsifu Yesu Kristu, upepo, mvua, mikorosho.

"Bonyeza, ruka mbele!" Silvanus alisema. "Hizi tumeshazisikia, zinakula hela bure."

"Baba, salamu za mzee hazirukwi," Ambokile akajibu kwa upole. Na mzee alipofika kwa kijana, yeye akanyanyuka tena. "Shikamoo baba."

Safari hii sikucheka. Nilijifuta macho kwa upande wa kanga nikisingizia moshi.

Ujumbe wa kwanza ulikatika wenyewe, mzee hajamaliza salamu. Vocha nayo ikaisha kwenye salamu za ujumbe wa pili. Ambokile akarudi dukani, na kwa kuwa yule dada alikuwa anaanzia mwanzo kila mara, tukasalimiwa zote tena, na akaamkia tena. Ndipo tukafika kwenye neno lenyewe. Jibu analo, alisema mzee, lakini mkewe anaona jibu la posa linapendeza watu wakiwa wamekaa. Tuje Jumamosi, mimi na mume wangu.

Jumamosi hiyo ilishapita, ilikuwa jana. Silvanus akakaa chini polepole.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Jumapili hii hii tuliyokuwa tunasikiliza, na haukuwa na salamu. "Bwana Silvanus, tulipika, tukangoja. Nadhani mmeghairi. Mwambie kijana hatuna kinyongo naye. Kesho namwita binti nimwambie ayaache."

Ambokile alishika nguzo ya baraza, akatazama ndoo yake bombani. Tulijaribu kumpigia mzee, hapatikani, kama tulivyotegemea.

Alfajiri nilimwamsha mume wangu. Ambokile alibaki, kwa kuwa mwoaji haendi kusikiliza jibu lake. Tulipanda basi mpaka Kisarawe, kisha bodaboda mpaka Masaki, na njia nzima Silvanus hakulalamika chochote, hata nauli. Nikajua ana hofu.

Mzee Damiani alitukaribisha kama wageni wa kawaida, na hilo ndilo lililoniogopesha. Maji ya kunywa, viti, mkewe akatandika kitambaa mezani. Monica alikuwa jikoni, ameshafika. Alipokuja kutuamkia niliona macho yamevimba. Tulikuwa tumechelewa, ameshaambiwa.

Silvanus akavua kofia yake mpya, akaeleza. Kwamba analala mchana na simu imezimwa. Kwamba ujumbe wa sauti unalipiwa kuusikiliza na yeye alikataa kulipa. Nilimwona anavyotafuta maneno, jasho linamtoka, na pamoja na hasira zangu nilimpenda, kwa sababu hakupunguza hata moja.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Yaani mimi nimepanda kilima Jumapili zote hizo," akasema, "na wewe ukaona kunisikiliza ni gharama."

"Nilikuwa nabishana na kampuni, mzee wangu. Si na wewe."

"Mimi sijaongea na kampuni. Nimeongea na wewe." Akakunja mikono. "Binti yangu ameshalia, amenyamaza. Kwa nini nimrudishe kwenye nyumba ya watu wasiosikia?"

Silvanus akainamisha kichwa. Mshenga ndiye msemaji, mke wa mshenga hukaa kimya, hilo nalijua. Lakini niliona tunaondoka mikono mitupu, na Ambokile anatungoja kule barazani kwetu. Nikashindwa kunyamaza.

"Baba, samahani naingilia. Binti yako haolewi na Silvanus. Huyu nimeshaolewa naye mimi, na masikio yake ni mzigo wangu." Mke wa mzee akaficha kicheko. "Kijana ndiye aliyenunua vocha. Zikamwishia kwenye salamu zako. Akanunua tena, salamu zikaanza upya, vocha zikamwishia tena. Kuna namba ukibonyeza unaruka. Mume wangu akamwambia ruka. Kijana akakataa, akasema salamu za mzee hazirukwi."

Mzee alinitazama. "Alizisikiliza zote?"

"Zote. Mpaka ugonjwa wa majani ya mikorosho. Na kila ulipouliza kama hajambo, alisimama akakuamkia, baba. Mbele ya simu, kila mara. Hakuna aliyekuwa anamwitikia."

Kule jikoni mwiko ulikuwa umeacha kugonga chungu. Mzee Damiani akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Monica," akaita. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Unasemaje?"

Akatokea mlangoni na unga mikononi. "Nilivyosema mwanzo, baba. Sijabadilika."

Mzee akachukua fimbo yake. "Bwana Silvanus, njoo na simu yako. Hapa haishiki."

Tukapanda kilimani wote, mzee mbele, wanawake nyuma, Monica akinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Uwanja wa kanisa ulikuwa mtupu, upepo ule ule niliousikia Kibaha unapuliza. Silvanus akatafuta jina, akapiga, akaweka sauti nje, akampa mzee simu.

Haikulia hata mara mbili.

"Tumsifu Yesu Kristu," Mzee Damiani akasema, akanyamaza kama kawaida yake.

"Milele, amina," ikaja sauti ya Ambokile, nyembamba, inatetemeka. Alishamtambua. "Shikamoo baba."

Mzee alimtazama Monica, na Monica alikuwa analia waziwazi huku anatabasamu, unga umemjaa shavuni.

"Marahaba, mkwe wangu," akasema mzee. "Hujambo?"